Gundi ya Majivu

Mwalimu Fabiola alikuwa na majiko mawili nyumbani kwake Nakwa, pembeni ya mji wa Babati, na katika hayo mawili hakuna lililokuwa likipika chakula cha maana. La gesi, la ndani, lilichemsha chai na kuivisha wali wa jioni, likaishia hapo. La mkaa lilikaa kwenye banda la nyuma, na hilo ndilo lililokuwa na kazi, maana juu yake palikuwa na sufuria ya majivu ya pumba za mpunga, maji, na kostiki soda ile ile wanayonunua kina mama watengeneza sabuni. Majirani walipoona moshi walidhani madamu anapika sabuni. Hakuwakatalia. Kumweleza Mama Brayan wa nyumba ya pili kwamba unapika gundi ya betri ni kujitafutia maswali ya wiki nzima.

Gundi yenyewe tuieleze mara moja tuachane nayo. Betri ya kuchaji, iwe ya simu au ya taa ya sola, ndani yake ina utepe mwembamba wa shaba uliopakwa unga mweusi. Unga ndio unaotunza umeme, shaba ndiyo inayoutoa nje. Lakini unga ni unga, haukai ulipowekwa mpaka ushikishwe. Viwandani huushikisha kwa plastiki iliyoyeyushwa kwa dawa kali, ambayo fundi akiivuta sana inamdhuru, na betri ikipata moto kupita kiasi plastiki hiyo nayo haikawii kuharibika. Fabiola alitaka gundi isiyo na kitu cha kuungua wala cha kuoza. Alitaka madini matupu, yayeyuke kwa maji ya bomba, basi. Na majivu ya pumba za mpunga wa Magugu yamejaa madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga na kwenye kioo. Ukiyachemsha na soda ukayachuja, unapata uji mwepesi unaong'aa. Ukichanganya na ule unga mweusi, ambao yeye aliletewa kutoka migodi ya Mirerani, unapaka kwenye shaba, unaanika, halafu unanawa mikono kwenye beseni kama mtu aliyetoka kukanda unga wa maandazi.

Uzuri wote huo ulikuwa na kasoro moja, nayo ilitosha. Gundi ile ikikauka inakuwa kioo, na kioo hakikunjiki. Utepe wa betri lazima ukunjwe, kwa sababu huviringishwa kama mkeka ndipo uingie kwenye kopo lake. Kila Fabiola alipoanika utepe wake na kuuzungushia kwenye kalamu, unga ulipasuka na kudondoka magamba magamba. Alikuwa amefagia magamba hayo mpaka ufagio wenyewe ukawa mweusi.

Kwa nini mtu mwenye akili zake na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha ajitese hivyo? Ni kwa sababu zamani hakuwa mwalimu. Alikuwa kwenye maabara moja kule Arusha, kijana mwenye koti jeupe na matumaini, hadi mama yake alipougua. Alifunga virago akarudi, akauguza, akazika. Aliporudi kuulizia nafasi yake alikuta imekaliwa. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, shule zinafunguliwa kila kona na walimu wa kemia hawaonekani, basi Babati ikamshika mkono ikamsimamisha mbele ya ubao. Hakuichukia kazi hiyo. Ila kila alipowaeleza watoto jambo ambalo limeshajulikana, moyo wake ulikuwa unatamani lile ambalo halijajulikana bado.

Baba yake, Mzee Aniceti, alishuka kutoka Daudi, kule juu Mbulu, baada ya msiba. Alikuja na begi moja, koti zito la baridi, na dumu la asali ya mizinga yake mwenyewe. Shamba alimwachia Modesti, kaka yake Fabiola. Watu walisema mzee amekuja kutunzwa na binti yake. Yeye alisema amekuja kumwondolea binti yake upweke. Jioni walikaa wawili mezani, wakasali, wakala, wakabishana kuhusu taarifa ya habari, na ukweli ni kwamba hakuna kati yao aliyekuwa mpweke.

Mchana, Fabiola alipokuwa nyumbani, mzee alileta kigoda chake bandani akakaa kutazama. Hakuelewa kitu, lakini alipenda kuona mtu akifanya kazi kwa bidii.

"Leo inashika?" alikuwa akiuliza.

"Leo inaweza kushika, baba."

"Jana pia ulisema inaweza."

Aliyemrudishia Fabiola tamaa ya Arusha alikuwa Herieli, Mchaga mmoja mpole waliyesoma pamoja, ambaye sasa ndiye msimamizi wa maabara ile ile. Walipokutana kwenye harusi ya rafiki yao na Fabiola akamsimulia habari ya majivu, Herieli aliacha kula. "Nitumie vipande," alisema. "Nitavipima mwenyewe. Kikipatikana kimoja kinachoshika bila plastiki, naomba nafasi kwa jina lako. Sitanii, Fabi."

Basi siku moja, mwanzoni mwa kiangazi, ikashika.

Fabiola alizungusha utepe kwenye kalamu akangoja ule mlio mdogo anaoujua, mlio wa kupasuka. Haukuja. Akauzungusha upande wa pili. Unga ulitulia juu ya shaba kana kwamba ulizaliwa hapo. Aliita, "Baba! Baba, njoo!" na Mzee Aniceti alitoka mbio na kiatu kimoja akidhani kuna nyoka. Walicheka siku nzima kwa sababu ya kiatu kile. Alikata vipande vyote vya sufuria ile, akavifunga vizuri, akavipeleka stendi vikapanda basi la Arusha.

Herieli alipiga simu baada ya muda, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Tumekichaji tukakimaliza, tumekichaji tukakimaliza, bado kimeshika. Umefanyaje?"

"Nimechemsha majivu."

"Basi chemsha tena. Niletee vipande vya sufuria nyingine, vishike kama hivi, maana mara moja kila mtu anaweza kubahatisha. Nafasi nimeshaiombea. Ikithibitika tu, unafunga safari."

Jioni ile Fabiola alimwambia baba yake yote. Alisema kwa furaha, tena haraka haraka, jinsi mtu anavyosema jambo ambalo ameogopa kulisema. Ikishika mara ya pili, angehamia Arusha. Baba angekwenda naye, au kama hataki mji, angerudi Daudi kwa Modesti.

"Ni jambo jema," alisema Mzee Aniceti. Halafu akaomba chumvi, ingawa mboga ilikuwa na chumvi ya kutosha. "Arusha mimi nitafanya nini? Nikae dirishani nihesabu magari? Na kwa Modesti nyumba imejaa. Lakini ni jambo jema, mama. Kula."

Sufuria ya pili ikapasuka.

Ya tatu pia ikapasuka. Fabiola akapiga moyo konde. Alijua kuna kitu kimebadilika, na kitu kikibadilika kina jina, na kazi yake ni kulitafuta jina hilo. Alibadilisha pumba, akatumia maji ya mvua aliyokuwa ameyakinga badala ya ya bomba, akanunua soda kwenye duka lingine kule Bagara. Alikumbuka kwamba gundi ile iliyoshika ilikuwa na rangi ya chai iliyokolea kidogo, wakati hizi zote zilikuwa nyeupe kama maji. Labda majivu yale hayakuungua sawasawa! Alichoma pumba nusunusu kwa makusudi, moshi ukamtoa machozi, gundi ikatoka na rangi ya kijivu, utepe ukapasuka vibaya kuliko yote.

Yalimfika shingoni. Shuleni alianza kuwakaripia watoto kwa makosa ya kawaida. Herieli alipiga, akauliza kwa adabu. Alipiga tena, akauliza kwa adabu iliyopungua. Na nyumbani, Fabiola aligundua kitu kingine ambacho hakukitilia maanani: kigoda kilikuwa tupu. Baba yake alikuwa haji tena bandani. Akiulizwa alisema moshi unamkaba. Fabiola aliamini, kwa sababu moshi ulikuwa unamkaba yeye mwenyewe.

Jumapili moja walikwenda misa wote wawili, kama kawaida. Wakati wa komunyo Fabiola alisimama, akageuka kumpisha baba yake atangulie, na mzee hakuinuka. Alikaa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti. Fabiola alidhani amesinzia. Alimgusa bega.

"Nenda wewe," alisema Mzee Aniceti.

Sasa, mtu asiyemjua Mzee Aniceti hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Alikuwa katekista kwa ujana wake wote. Alipokea komunyo akiwa na malaria, alipokea siku aliyomzika mkewe. Fabiola alikwenda, akarudi, akapiga magoti, na sala haikumpanda.

Walitoka kanisani wakashika njia ya kurudi Nakwa kwa miguu. Watu waliwasalimu, "Shikamoo mzee," naye akaitikia "Marahaba" bila kuangalia ni nani. Walipofika mahali ambapo nyumba zinapungua na mashamba ya mahindi yanaanza, Fabiola alisimama.

"Baba, una nini?"

"Nina dhambi."

"Dhambi gani ya mzee wa umri wako?"

Mzee alitazama mahindi yaliyokauka. "Nimekunyima."

"Umeninyima nini?"

"Asali."

Fabiola alidhani hakusikia vizuri. Basi baba yake akamweleza, kwa Kiswahili chake cha polepole, kile anachokipanga kichwani kwanza kwa Kiiraqw ndipo akitoe. Kwao, katika ukoo wao, chungu kinachoanza kazi hulambishwa asali. Bibi yake alifanya hivyo, mama yake alifanya hivyo, na mkewe pia, hata kwa sufuria za dukani. Unatia asali, unasema maneno, unaomba kitakachotoka humo kimfae aliyekipika. Fabiola aliyaona hayo akiwa mtoto, akayasahau. Mzee hakuyasahau. Siku moja binti yake alikwenda shule akaacha sufuria mpya bandani, gundi ikiwa bado ya moto, na mzee akaona haya kwamba kila sufuria ya mwanawe inaanza kavukavu.

"Ukatia asali," alisema Fabiola taratibu. "Kwenye ukingo wa sufuria?"

"Ndani."

"Ndani ya gundi?"

"Sasa ningetia wapi?"

"Kiasi gani, baba?"

"Kijiko."

"Cha chai?"

"Cha kupakulia," alisema mzee. "Kazi yenyewe ilikuwa kubwa."

Fabiola akakumbuka. Ile rangi ya chai! Sukari ya asali ikikutana na soda kali na moto lazima ibadilike rangi, jambo ambalo yeye mwenyewe angeweza kulisema usingizini. Na asali hushika maji. Haiyaachii yatoke kwa pupa. Gundi yenye asali hukauka polepole, inabaki na ulaini, inakunjika. Wiki zote zile alikuwa akitafuta jina, na jina lilikuwa limekaa chini ya kitanda cha baba yake kwenye dumu.

"Mbona hukuendelea?" aliuliza. "Sufuria zilizofuata, mbona hukutia?"

Hapo ndipo mzee aliposhindwa kumtazama. "Ulisema ikishika utaondoka. Nikaiona sufuria, nikachukua asali, nikafika mlangoni, nikarudi. Mdomo wangu haukusema neno. Ikavunjika. Nikajua ni mimi. Kila ulipofagia yale magamba nilijua ni mimi. Nitapokeaje ekaristi, Fabiola, nami nimemfunga mwanangu mwenyewe?"

Fabiola angeweza kumwambia kwamba hayo ni mambo ya kale, kwamba Mungu hafungi gundi kwa sababu mzee amekaa kimya. Lakini haikuwa kweli, au angalau haikuwa kweli yote. Mzee aliacha kutia asali, na gundi ikapasuka kwa sababu hiyo hasa. Mtu mwenye shahada ya kemia angelazimika kumtia hatiani.

Alikasirika. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe hakujificha. Na kilichomuuma hakikuwa asali iliyotiwa. Kilichomuuma ni ile iliyonyimwa. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni akachagua yeye ashindwe. Alitembea mbele, mzee akafuata nyuma, na hadi walipofika nyumbani hawakusemezana. Walikula wali. Fabiola aliosha vyombo kwa kelele nyingi.

Halafu akatoka nje, akakaa kwenye kile kigoda, akafikiri.

Njia rahisi ilikuwepo, na alikaa nayo kwa muda. Dumu halijaisha. Angeweza kutia kijiko cha kupakulia, utepe ukashika, vipande vikaenda Arusha, na unga mweusi ungeficha ile rangi. Angekuwa na koti jeupe kabla ya mvua. Lakini alichomwahidi Herieli kilikuwa madini matupu, kisichoungua wala kuoza, na asali inaungua, tena vizuri sana. Siku moja betri ya mtu fulani ingepata moto, na Fabiola angejua kilichomo. Alichukua simu.

Herieli alisikiliza hadi mwisho. Alicheka kidogo mahali pa kijiko cha kupakulia.

"Basi kile kipande nakifuta," alisema.

"Najua."

"Na nafasi, Fabi, siwezi kuishikilia zaidi ya mwisho wa mwezi huu. Kuna wengine wanaisubiri."

"Najua. Asante, Herieli."

Alipokata simu alijisikia mwepesi na maskini. Alibaki amekaa, jua linaloshuka likiuangaza mlima Kwaraa, na katika ule umaskini akili yake ikaanza kutembea yenyewe. Asali ilifanya nini hasa? Ilichelewesha maji. Haikushikisha kitu, ilizuia tu pupa. Kama ni hivyo, si lazima asali. Kuna njia nyingine ya kuyachelewesha maji yasitoke, nayo kila mtu aliyewahi kufyatua tofali za saruji anaijua: unafunika, unamwagia maji, unafunika tena, hadi tofali ikomae bila nyufa. Yeye alikuwa akianika tepe zake kwenye upepo wa Babati wa kiangazi, upepo unaokausha hadi midomo ya watu. Aliinuka akaenda kutafuta magunia.

Alichemsha gundi mpya, nyeupe kama maji. Alipaka tabaka nyembamba, akazilaza tepe kwenye sanduku la mbao kivulini, akaweka vijiti juu, na juu ya vijiti magunia yaliyoloweshwa. Hesabu yake ilikuwa kwamba tepe zikae hapo wiki nzima, na magunia yasikauke hata mara moja mchana, maana yakikauka tu hewa kavu itaingia na kioo kitapasuka. Usiku ungejitunza wenyewe kwa ubaridi. Tatizo lilikuwa mchana. Wiki ile ile mitihani ya mkoa ilikuwa inaanza, na msimamizi wa chumba cha mtihani hatoki hata nyumba yake iwake moto.

Asubuhi, akiwa ameshavaa, alimwita baba yake bandani. Tangu barabarani walikuwa wakisemeshana mambo ya lazima tu: chai, funguo, mlango.

"Baba, magunia haya yanatakiwa yawe na maji mchana kutwa. Ndoo hii hapa."

Mzee aliangalia ndoo. "Na yakikauka?"

"Tepe zitapasuka."

"Na zikipasuka?"

"Nitabaki."

Kuku wa Mama Brayan walikuwa wakiparua nje ya banda.

"Mama Brayan yupo tu nyumbani," alisema mzee. "Hana kazi. Kwa nini usimwachie yeye?"

Fabiola alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha. Mama Brayan angefanya kwa furaha, na angefanya vizuri, pamoja na maswali yake. "Kwa sababu sitaki," alisema. "Nataka iwe mikono yako. Na asali hapana, baba. Ukitaka kusema maneno, sema. Asali hapana."

Aliondoka kabla hajajibiwa, kwa sababu aliogopa jibu.

Chumba cha mtihani kina ukimya unaomwachia mtu nafasi kubwa ya kuteseka. Watoto waliinamia karatasi zao, na Fabiola alitembea kati ya madawati akitazama dirishani vumbi linavyoinuka barabarani. Kila upepo ulipovuma alijiona mjinga. Amemwachia mzee kisu na kamba, na kamba yenyewe ndiyo inayomshikilia mwanawe asiondoke. Nani angemlaumu? Angesahau tu kidogo. Angesinzia, mzee wa umri ule, nani angejua? Hata yeye Fabiola asingejua, na pengine hapo ndipo palipokuwa na uchungu wote.

Jioni alirudi akakuta magunia yanadondosha maji. Mzee alikuwa ndani akisikiliza redio. Fabiola alimsalimu, akapika, hakuuliza kitu. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku nyingine alikuta ndoo imepata mwenzake, dumu la maji limesogezwa karibu, na kigoda kimerudi bandani. Siku ya upepo mkali kuliko zote, siku ambayo mabati ya shule yalilia na msimamizi mwenzake akafunga madirisha, Fabiola alipanda njia ya Nakwa akiwa ameshakata tamaa. Alikuwa ameshapanga hata maneno ya kumsamehe baba yake. Alifika akamkuta mzee amesimama bandani, suruali imelowa hadi magotini, kikombe mkononi, akinyunyiza.

"Umechelewa," alisema mzee. "Leo huu upepo ni wa shetani."

Mitihani ilipokwisha, siku ya Jumamosi asubuhi, waliondoa magunia pamoja. Fabiola aliziacha tepe zimalizie kukauka zenyewe kivulini hadi alasiri. Kisha akachukua mmoja na kalamu. Akampa baba yake.

"Zungusha wewe."

"Nitauharibu."

"Zungusha."

Mzee Aniceti aliushika utepe kwa vidole vyake vinene, vilivyolima miaka yote kwenye miteremko ya Daudi. Aliuzungusha polepole kwenye kalamu, mara moja, mara mbili, akiusogeza karibu na sikio kama mtu anayesikiliza saa. Mzee aliufungua, akauzungushia upande wa pili, akaukunjua tena, akapitisha kidole gumba juu ya ule weusi wote. Kidole kikatoka na vumbi kidogo. Hakuna gamba lililodondoka.

"Hapa hakuna asali," alisema mzee, akiwa anauliza.

"Hakuna. Ni majivu na maji yako."

Mzee aliendelea kuutazama utepe. Fabiola alijua angepaswa kuruka na kupiga kelele, lakini machozi yalikuwa yameshamtoka, na hakujua ni ya furaha au ya kumwacha mtu huyu kwenye nyumba hii, au kule Daudi kwenye kona ya nyumba ya Modesti. Yalikuwa ya yote mawili.

"Baba," alisema. "Kila siku nilipokuwa narudi nilidhani umeacha yakauke."

"Hata mimi nilidhani," alijibu mzee. "Kila asubuhi ulipotoka nilisema, leo ndiyo leo. Nilikaa nikayatazama yanavyobadilika rangi kutoka pembeni. Yalikuwa yanafika karibu na katikati." Aliiweka kalamu chini. "Ndipo nilipoinuka."

Fabiola alimshika mkono, ule wenye vumbi jeusi, na mzee akamwachia autunze kwa muda kabla ya kuuondoa.

"Mpigie huyo kijana wa Arusha," alisema Mzee Aniceti.

"Nitampigia kesho, baba. Leo tukae."

"Mpigie sasa hivi. Kesho sijui nitakuwa na moyo gani."

Fabiola alijifuta uso kwa kiganja, akajipaka weusi shavuni bila kujua, akatoa simu na kupiga, huku baba yake akiwa amesimama pale pale akisikiliza inavyoita.